Ardhi ya Pamoja

Wapenzi wa lugha, tunaulizwa mara kwa mara iwapo Kiswahili kinaweza kubeba sayansi. Wengi wetu hujibu kwa orodha ya istilahi: mkondo, kani, mchapuko. Orodha hiyo ni ya heshima, na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyochapishwa na TUKI mwaka 1990, ni ushahidi wa jasho la waliotutangulia. Hata hivyo, baada ya miaka mingi ya kufundisha sarufi na ushairi katika shule ya sekondari, nimeamini kwamba kipimo halisi si kamusi. Kipimo ni waya: je, mtoto aliyeelezwa kwa Kiswahili ataujua mahali pake, na atajua ni kwa nini umewekwa hapo?

Mjukuu wangu wa Kidato cha Tatu anaunda mkono wa mbao nyepesi wenye viungo vinne. Kila kiungo huendeshwa na sevo, yaani mota ndogo isiyozunguka ovyo, bali hugeuka hadi pembe iliyoamriwa na kubaki hapo. Amri hutoka kwenye mikrokontrola ya Arduino Uno na kupitia bodi ya kuendeshea sevo yenye chipu ya PCA9685. Michoro yote aliyokuwa nayo ilikuwa ya Kiingereza, naye aliinakili bila kasoro. Nilipomwuliza kila waya una kazi gani, alinikariria sentensi za Kiingereza kama zilivyoandikwa. Nikamwomba anieleze kwa maneno yake mwenyewe. Akanyamaza, kisha akasema, "Bibi, ninaelewa, ila siwezi kusema." Walimu wenzangu wanaifahamu kauli hiyo. Mara nyingi, kisichosemeka bado hakijaeleweka.

Basi tukaanza na majina. Neno sevo lina asili ya Kilatini, *servus*, yaani mtumwa. Na seva ya kompyuta imetoka katika ukoo huohuo. Nyaya mbili zinazopeleka amri kutoka Uno hadi kwenye bodi hufuata utaratibu uitwao I2C, uliobuniwa na kampuni ya Philips mwaka 1982. Kwa miaka mingi nyaraka za utaratibu huo zilimwita mtoa amri "bwana" na mpokeaji "mtumwa", mpaka toleo la mwaka 2021 lilipoyaacha maneno hayo. Sisi wa pwani, ambao soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, hatukuhitaji kushawishiwa sana. Lakini tuweke nini badala yake?

Jibu lilitoka mlangoni petu. Katika I2C, kila kifaa kina anwani. Bodi hii kwa kawaida huwa na anwani 0x40, ambayo katika hesabu tuliyoizoea ni 64. Uno huita namba hiyo. Mwenye namba huitikia kwa ishara moja fupi, ndipo mazungumzo yaanze. Asipoitikia mtu, hakuna linaloendelea. Nikamwambia mjukuu wangu, "Hiyo ni hodi, na ile ni karibu." Akacheka, akaandika kwenye daftari: *mpiga hodi* na *mwenyeji*. Kati ya nyaya mbili, SDA hubeba maneno yenyewe, na SCL hupiga mapigo ya saa ili pande zote ziende pamoja, kama mpiga ngoma anavyowaongoza wachezaji. Kwenye Uno, SDA huchomekwa pini A4 na SCL pini A5.

Malenga watalipenda hili lifuatalo. Bodi ina njia 16 za sevo, zilizopangwa katika mafungu manne ya njia nne nne. Ni sadfa tupu, lakini mtu aliyezoea mishororo ya mizani 16 na beti za tarbia hawezi kuzihesabu bila kutabasamu. Jambo lisilo la sadfa ni kwamba sevo nayo huishi kwa mizani. Kila milisekunde 20 hupokea pigo moja la umeme, na ujumbe wote umo katika urefu wa pigo hilo: takriban milisekunde 1 humaanisha upande mmoja, 1.5 katikati, 2 upande wa pili. Chipu huugawa muda huo wa milisekunde 20 katika hatua 4096, hivyo pigo la katikati huchukua hatua kama 307. Urefu wa sauti ukibadilika, maana hubadilika.

Kisha tukafika kwenye swali gumu. Pini ya Uno haistahili kutoa hata miliampea 40, ilhali sevo moja inayoinua mzigo huweza kudai mamia. Kwa hiyo sevo hupewa chanzo chao cha umeme, adapta ya volti 5, kupitia mlango wa V+; Uno huilisha chipu peke yake kupitia VCC. Vyanzo viwili, kazi mbili. Mbona basi waya wa GND wa Uno ni lazima ufike kwenye bodi, mahali upande hasi wa adapta ulipo?

Nilimwuliza mjukuu wangu mnazi una urefu gani. Akasema, "Kutoka wapi, Bibi?" Hapo akajijibu. Volti ni tofauti baina ya mahali pawili. Uno ikisema "volti 5", bodi lazima ijue zinahesabiwa kutoka wapi. Pasipo ardhi ya pamoja, amri husemwa lakini haina maana kwa anayeambiwa.

Jioni ile alimweleza mdogo wake wa darasa la sita, kwa Kiswahili kitupu, bila kukariri. Kisha akachomoa waya mmoja kwa siri. Mkono ukaacha kutii. Mdogo wake akaufuatilia kila waya kwa kidole, akasimama na kusema, "Hawana ardhi ya pamoja. Hodi haisikiki."

Sisemi Kiingereza kiachwe. Kijana huyu atakihitaji. Nasema kwamba mtoto wa darasa la sita alibaini hitilafu ambayo kaka yake, siku chache kabla, asingeweza kuieleza. Tofauti ilikuwa lugha.

Tumebaki na neno moja lisilo na makazi: mikrokontrola. Mjukuu wangu anapendekeza *kidhibiti*. Mdogo wake anasisitiza *ubongo*. Mimi sijaamua. Malenga na wanaleksikografia mnaosoma hapa, leteni maneno yenu. Nitayajaribu kwa watoto hawa wawili, wakiwa na nyaya mkononi.