Viazi Havioti Juu ya Bati

Mimi ni mtumishi wa serikali katika ofisi ya wilaya, na kabla ya hapo nilisomea ualimu. Ningetazamiwa kuwa mtu wa kutoa mfano. Hata hivyo, haya ninayoyaandika ni maungamo.

Marehemu baba alituachia ekari mbili huko Wakiso, karibu na Kampala. Sehemu ya juu ni migomba na viazi vya mama. Chini, shamba linaishia kwenye mafunjo ya kinamasi. Siku moja alikuja dalali mwenye maneno matamu. Usiku ule nilichukua karatasi na rula, nikaligawa shamba la baba kuwa viwanja 16 vya futi 50 kwa 100. Nilipomwonyesha mama, aliitazama karatasi kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, viazi vyangu nitavipanda juu ya bati?"

Nilinyamaza, lakini sikuichana ile karatasi.

Kilichonizindua ni msiba wa mdogo wangu, ambaye ni askari polisi. Kwa akiba ya miaka mingi alinunua kiwanja cha bei nafuu kandokando ya kinamasi. Aliponiletea mkataba wenye sahihi ya mwenyekiti wa kijiji, nilimpongeza. Mimi, kaka yake, mwenye ofisi na vitabu vya sheria, sikumwuliza hata swali moja. Msingi ulipokwisha kujengwa, mvua zilinyesha na maji yakarudi kwao. Halafu wakaja maofisa wa mazingira, wakamwamuru aondoke. Aliponijia aliniuliza, "Kaka, wewe hukujua?" Sikuwa na jibu.

Nilijua. Katiba ya Uganda ya 1995, kifungu cha 237, inasema kwamba maziwa, mito, vinamasi na misitu ya hifadhi hushikwa na serikali kuu au serikali za mitaa kama amana ya wananchi. Amana haiuzwi. Sahihi ya mwenyekiti haiwezi kuigeuza kuwa mali ya mtu. Tena, Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2010 iliitangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango. Kila wilaya inatakiwa kuwa na kamati inayoamua wapi pajengwe, wapi palimwe na wapi paachwe wazi.

Sheria hizi zina sababu. Mwaka 1994 vinamasi vilifunika asilimia 15.6 ya nchi yetu. Miaka 25 baadaye vilibaki karibu asilimia 9. Kinamasi hunyonya maji ya mvua kama sifongo na kuchuja uchafu kabla haujafika ziwani. Ukikijaza udongo, maji hayafi. Huhamia sebuleni kwa jirani. Na Wakiso, iliyokuwa na watu takriban milioni 2 mwaka 2014, ilihesabiwa kuwa na zaidi ya milioni 3 mwaka 2024. Watu hao watalala wapi ni swali la haki. Lakini watakula nini nalo ni swali.

Hatukuuza. Mdogo wangu sasa anaishi na familia yake kwenye shamba la baba, katika nyumba ndogo kando ya njia, na migomba imebaki. Fedha zake hazikurudi, na lawama hiyo ninaibeba.

Kwa hiyo, ndugu askari, nawe mama wa nyumbani unayeweka akiba, kabla hujatoa shilingi moja nenda ofisi ya ardhi ukaulize kumbukumbu za kiwanja. Mwulize ofisa wa mazingira mpaka wa kinamasi uko wapi. Omba kuona ramani ya mipango. Kamati inapoitisha wananchi, nenda ukaseme shamba lipi lisiguswe, na watoto wacheze wapi.

Na kama una ndugu ofisini, mwulize. Naye akikupongeza upesi, mwulize tena.