Doto iko nasikia baridi

Kwa mwenye watoto wadogo huku kwetu, mwezi mgumu si Januari. Januari theluji bado ina utamu, watoto wanateleza mpaka giza linaingia, wakirudi ndani mashavu yamekuwa baridi kama chupa za soda. Kazi ipo mwisho wa Februari kuelekea Machi. Glavu zote zimebaki za mkono mmoja mmoja. Buti zilizonunuliwa Novemba sasa zinabana. Mchana theluji inayeyuka inakuwa tope la rangi ya kahawia, usiku linaganda, asubuhi mnateleza nalo mpaka kwenye gari. Watoto wanaliita uji. "Mama, nimekanyaga uji tena." Soksi za pili hizo, na saa tatu asubuhi bado.

Sisi tunaishi Cedar Rapids, Iowa. Mimi ni mhasibu, kwa hiyo miezi hiyohiyo ndiyo msimu wangu wa kodi: kila mtu anataka fomu zake ziwe tayari kabla ya tarehe 15 Aprili. Nafanyia kazi nyumbani, kwenye meza ya jikoni, kompyuta huku na sufuria kule. Nina watoto wawili. Hapa nitawaita Mkubwa, ana miaka saba, na Mdogo, ana minne. Mume wangu ni mtu wa hapahapa Iowa. Kiswahili chake ni "asante", "njoo ule" na "kalale". Yaani lugha hii ikitoka kwangu isipofika kwa watoto, ndo imeishia hapo.

Na nimehangaika nayo, jamani. Nimenunua vitabu. Nimetengeneza kadi zenye picha: kikombe, sungura, mwavuli. Nimebandika karatasi kwenye friji, kwenye mlango, mpaka kwenye choo. Mkubwa ananielewa karibu kila kitu, lakini nikimuuliza kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza. Wengi mnaosoma hapa mlikuwa watoto wa namna hiyo. Mimi pia.

Halafu Agosti iliyopita wakahamia majirani upande wa pili wa ukuta, familia ya Wakongomani kutoka Kivu ya Kusini, wenye pacha wa kiume wa miaka sita. Kwetu Tanzania pacha ni Kulwa na Doto, basi na hawa nitawaita hivyo, ingawa si majina yao. Mama yao mimi namwita Mama Mapacha. Yeye mwenyewe akijitaja anasema Mama Mapasa.

Anafanya kazi zamu ya usiku kwenye kiwanda cha chakula. Tukapatana: siku ambazo shule zimefungwa kwa ajili ya barafu, pacha wanakuja kwangu asubuhi ili yeye alale. Jumamosi za msimu wa kodi wanangu wanakwenda kwake. Hatukuandikishana wala kuhesabiana. Ukuta ni mmoja, ukigonga mara mbili maana yake watoto wanakuja.

Ilipofika sikukuu za Desemba nikaanza kusikia kitu. Watoto wanne wako sebuleni chini ya shuka walilolifanya hema, na lugha iliyokuwa mle hemani ilikuwa Kiswahili. Si changu. "Tukuye huku!" "Batoto bote baingie!" Mdogo, ambaye mimi nilikuwa nambembeleza wiki nzima aseme "naomba maji", alikuwa anapiga kelele "kuya, kuya!" kama amezaliwa Uvira.

Mngedhani nilifurahi. Nilifurahi, ndiyo, lakini kuna mahali paliwasha.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, wiki ya mwisho ya Februari. Mvua ilinyesha usiku ikagandia barabarani, na kabla hakujakucha ujumbe ukaingia kwenye simu: leo hakuna shule. Saa mbili asubuhi pacha wakawa mlangoni na buti zao. Kufika saa nne watoto walikuwa wametoka uani na kurudi ndani mara tatu, sakafu imejaa uji, na mimi nina mteja anasubiri simu yangu.

Mkubwa akaja jikoni, kamshika Doto mkono. "Mama," akasema, "Doto iko nasikia baridi. Tumupatie kofia ingine."

Nataka muione vizuri hiyo sentensi. Mwanangu alikuwa amekuja kwangu mwenyewe, bila kuombwa, bila kadi, akanieleza shida ya mwenzake kwa Kiswahili. Miaka saba nilikuwa nasubiri kitu kama hicho.

Nami nikamjibu hivi: "Hatusemi 'iko nasikia'. Tunasema 'anasikia'. Doto anasikia baridi. Haya, sema."

Akasema. Kwa sauti ndogo, lakini akasema. Kulwa alikuwa nyuma yao, akaniuliza, "Sisi tunasema mubaya?"

Nikamwambia, na ninalikumbuka neno kwa neno kwa sababu nimelirudia kichwani mara nyingi, "Si vibaya, ila si Kiswahili sahihi." Nikatoa kofia kwenye kikapu, nikampa Doto, nikarudi kwenye kompyuta. Eti nilijiona nimefundisha.

Sikuelewa mpaka Alhamisi. Watoto walikuwa sebuleni wale wanne, hema lilelile, na sauti ilikuwa ya Kiingereza. Chote. Hata pacha wao kwa wao. Nikajisogeza mlangoni nisikilize zaidi. Mdogo ndiye pekee aliyethubutu "kuya" moja, na Mkubwa akamgeukia haraka: "Hatusemi hivyo." Na sauti aliyoitumia ilikuwa ya kwangu.

Sasa niwaambie kitu kuhusu huyo aliyekuwa anasahihisha.

Mwaka 1999 nilikuwa na miaka kumi na mmoja, wazazi wakatupeleka Kigoma, kwao. Mimi nilizaliwa Ames, Iowa, baba alipokuwa anasomea kilimo pale chuo kikuu. Kiswahili nilichokuwa nacho kilikuwa cha kuitwa mezani na kukemewa. Siku ya pili, Ujiji, jua limewaka, ukumbi umejaa ndugu, nikataka kumwambia bibi kwamba nasikia joto. Nikatafsiri kutoka kichwani. Nikasema, "Bibi, mimi ni moto."

Walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Hawakucheka kwa ubaya, najua sasa. Lakini baba mdogo aliniita Moto wiki tano nzima. "Moto, njoo ule." "Moto amelala?" Nikafunga mdomo. Nilirudi Iowa nikiwa naelewa zaidi kuliko nilivyoondoka, na kusema sikusema tena mpaka nilipofika chuo, nilipojiandikisha darasa la Kiswahili kama mgeni yeyote. Kwa hiyo usanifu wangu mnaousoma hapa ni wa darasani. Niliulipia ada. Labda ndiyo maana nauonea wivu hivyo.

Kukumbuka hayo hakukunipa cha kufanya. Kumwomba radhi mtoto wa miaka sita unaanzia wapi?

Jumamosi Mama Mapacha aligonga ukuta mara mbili, lakini aliyefika mlangoni ni yeye, na sufuria ya sombe imefunikwa kwa taulo. Kisamvu, kwa mliokulia upande wetu. Akaweka jikoni, akavua buti, akakaa. Hakuzunguka.

"Batoto banasema hapa kwako wanasema Kiingereza tu. Banasema Kiswahili yetu haupendi."

Nilitamani sakafu inimeze. Nikaanza kujieleza, mara sarufi, mara vitabu, mara watoto wasije wakachanganyikiwa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia, kwa Kiswahili ambacho kingeweza kutoka kwa shangazi yangu yeyote wa Kigoma:

"Dada, mimi nimekaa Nyarugusu miaka ishirini. Hicho cha kwenu nakijua. Ndicho tulichoombea kibali cha kutoka kambini. Ndicho tulichosemea kwenye foleni, na hospitali, na kwa askari. Nakisema vizuri kabisa. Ila watoto wangu siwezi kuwabembelezea kwa lugha ya foleni."

Kwa wasiojua, Nyarugusu ni kambi ya wakimbizi iliyoko wilaya ya Kasulu, mkoa wa Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996 vita ilipowakimbiza watu wa Kivu kuvuka Ziwa Tanganyika. Kutoka nje ya kambi bila kibali hairuhusiwi. Yeye aliingia akiwa na miaka minane. Akaolewa humo, akazaa watoto wake wa kwanza humo, akaletwa Marekani mwaka 2016. Pacha wamezaliwa Iowa, kama mimi.

Nikapiga hesabu, ndiyo kazi yangu. Mimi na yeye tumezaliwa mwaka mmoja. Ukijumlisha likizo zangu zote za Tanzania tangu nizaliwe, hazifiki miezi sita. Yeye ameishi mkoa wa wazazi wangu miaka ishirini. Na mimi ndiye niliyekuwa namwekea mwanawe mipaka ya Kiswahili.

"Nisamehe," nikasema.

"Mimi umenisamehesha nini?" akacheka. "Nenda kwa Doto. Yeye ndiye anaogopa kukuomba maji."

Jumapili nikampigia mama simu, nikitegemea walau yeye atanitetea. Kumbe nilijipeleka mwenyewe. "Wewe!" akasema. "Mimi Ujiji nimekua na watu wa Uvira na Baraka. Migebuka tulinunua kwao, harusi tulichezeana. Unadhani tulikuwa tunaongea nao Kiswahili cha redio? Kila mtu alisema chake na samaki wakauzwa." Halafu akaongeza taratibu, "Yule baba yako mdogo nilimkanya kuhusu lile jina. Sikumkanya mapema." Miaka yote hiyo sikujua kwamba aliona.

Shule zilipofungwa tena, wiki ya kwanza ya Machi, nilifunga kompyuta saa nne kamili. Nikakaanga chapati, nikawaita wote wanne mezani. Nikawaambia nilikosea. Nikamwambia Doto, nikimtazama, kwamba aliposema anasikia baridi alisema vizuri, na mimi nilitakiwa kuleta kofia na kunyamaza. Kisha nikawasimulia habari ya "mimi ni moto". Kulwa alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Toka siku hiyo ananiita Mama Moto. Safari hii nimelikubali jina.

Ningependa kuwaambia hema lilijaa Kiswahili mchana huohuo. Hapana. Watoto si bomba, kwamba ukifungua maji yanatoka. Mkubwa alikaa siku kadhaa akinipima. Doto mpaka leo akiwa kwangu anaanza sentensi, anasita, ananitazama usoni, ndipo anaimalizia. Kusita kule kunaniuma kuliko kicheko chote cha Ujiji, kwa sababu nakijua kinachopita kichwani mwake. Nimekiweka mimi.

Kiswahili sanifu sijakiacha. Nataka wanangu waweze kusoma gazeti, na waweze kuzungumza na ndugu zao wa Kigoma bila kutafsiriwa. Tulichokubaliana nyumbani ni chepesi: tukifungua kitabu, tunasema cha kitabu, na nasahihisha kwa upole. Kitabu kikifungwa, kila mtu aseme alichonacho. Mchezo ni wao. Na mimi nimeanza kumuuliza Mama Mapacha maneno. Nina umri wa miaka thelathini na saba ndo najua kwamba kuna nyumba ambazo "yaya" ni kaka au dada yako mkubwa, wala si msichana wa kazi. Nilikuwa nimeshakasirika kimyakimya, nikidhani Doto anamfanya binti yangu mtumishi wake. Kumbe alikuwa anamheshimu.

Jumamosi iliyopita jua lilitoka. Uani theluji imebaki vipande vipande kivulini, kwingine kote ni tope. Mzee wa nyumba ya kona, Mmarekani, ana mti mkubwa wa mepo, na kila mwaka majira haya anautoboa na kuuning'inizia ndoo. Usiku ukiganda na mchana ukiyeyuka, maji ya mti yanapanda na kudondoka, meupe kabisa, utamu wake wa mbali. Anasema anachemsha karibu galoni 40 apate galoni moja ya sharubati. Aliwaita watoto wakaone.

Mimi nilikuwa ndani na fomu zangu. Nikasikia miguu inakuja mbio, mlango ukafunguka, Mkubwa kasimama pale na buti zenye tope hadi magotini, pacha nyuma yake, Mdogo anahema.

"Mama, kuya uone! Muti iko nalia!"

Alikuwa amenikazia macho. Kulwa na Doto pia.

Nikauliza, "Unalilia nini?" Doto akajibu wa kwanza, bila kusita, "Tukuye tuiulize."

Nikatafuta buti zangu.