Majina yaliyolala ndani ya disketi

Wengi wetu kwenye kikundi tunaijua disketi kama kale kapicha ka kuhifadhi kwenye Word, basi. Kwa hiyo mzee mmoja wa kwetu Uvira, anayeishi hapa Buyenzi, alipotuletea disketi 23 ndani ya mkebe wa biskuti, mdogo wetu mmoja aliuliza hivi ni vifuniko vya nini.

Mzee alikuwa sekretari wa shule ya sekondari. Juni 2004, vita vya Bukavu vilipotikisa hadi Uvira, alivuka mpaka na ule mkebe chini ya nguo za watoto. Ndani mna orodha za wanafunzi na pointi zao, mwaka kwa mwaka. Wengine waliomo humo leo ni wazazi wetu, ama yaya zetu. Na nyote mnajua mkimbizi asiye na karatasi anavyorudishwa nyuma. Yaya mmoja wa kikundi alimaliza mwaka wa nne wa sekondari kule. Hapa mjini alipoomba kusomea uuguzi aliambiwa aanze upya, eti hana ushahidi.

Basi tukaanza kazi. Laptopu za leo hazina mahali pa kuingiza disketi, na Sony yenyewe iliacha kuziuza Japani mwaka 2011. Tuliazima draivu ndogo ya nje, ile inayochomekwa kwa waya wa USB. Hiyo inasoma disketi za inchi 3.5. Zile pana za zamani zaidi, zinazopindika, haziingii kabisa.

Kabla ya kuingiza, fanyeni hivi. Kwenye pembe ya disketi kuna kakitufe kanakoteleza. Kasukume mpaka tundu libaki wazi, hapo kompyuta inaweza kusoma tu, haiwezi kuandika wala kufuta. Kisha fungua kale kamlango ka chuma pole pole, utazame kisahani cha ndani. Bujumbura yetu ina joto na unyevu wa ziwa, ukungu unapenda hapo. Ukiona madoa meupe, usiiingize: uchafu utaganda kwenye kichwa cha draivu na kukwaruza disketi inayofuata. Tatu zetu zilikuwa hivyo, tukaziweka kando.

Halafu kuna mtego. Disketi ikichoka, Windows inakuuliza kwa upole kama unataka kuiformati. Jibu ni hapana! Ukikubali, unaanza kufuta kile ulichokuja kuokoa. Sisi tulitumia programu ya bure ya Linux inayoitwa ddrescue. Inanakili disketi nzima kama ilivyo, sehemu mbovu inaziruka, kisha inazirudia mara nyingi. Kuna disketi moja ililia krr krr karibu mchana mzima ndipo ikatoa. Tukamaliza kunakili kwanza, kufungua mafaili tukafanya kwenye nakala tu.

Disketi moja inabeba MB 1.44. Picha moja ya simu yako pengine haienei humo. Yani mkebe mzima, miaka yote ile ya shule, haufiki MB 34.

Mafaili yalipofunguka, Kifaransa kilikuwa kimevurugika. Neno "élève" lilikuja "‚lŠve". Tulidhani ni uharibifu, kumbe ni alfabeti ya DOS inayosomwa kwa alfabeti ya Windows. Kwenye LibreOffice ukichagua DOS-850 wakati wa kufungua, herufi zinarudi mahali pake. Mzee aliposoma ukurasa wa kwanza alianza kutaja majina bila kutazama skrini. Wengine akanyamaza walipofika.

Hapa tunaomba ndugu wa mashirika mtusikilize pia. Kuna aliyetushauri tuweke orodha zote kwenye WhatsApp ili watu wajitafute. Tulikataa. Kwetu jina linasema kabila na kilima cha mtu. Gatumba, hapo karibu tu, usiku wa tarehe 13 Agosti 2004 wakimbizi zaidi ya 150 waliuawa, wengi wao Banyamulenge. Hatuwezi kuchezea majina. Nakala ziko kwenye flashi mbili zenye neno la siri, moja anayo mzee, nyingine iko kwa mtu mwingine, mtaa mwingine. Anayetaka kujitafuta anakuja mwenyewe, tunamwonyesha mstari wake, wa jirani hapana.

Yaya yetu tulimpata, mwaka wa nne, asilimia 67. Alicheka, akasema alidhani ni 70. Tusidanganyane, faili haina muhuri, na hakuna ofisi itakayoipokea kama diploma. Lakini sasa anajua mwaka, darasa na namba yake kwenye rejista. Ndugu yake aliyebaki kule amepelekewa hizo namba ili aiombe shule itafute kitabu chenyewe. Tunangoja.

Zile tatu zenye ukungu zitahitaji kusafishwa na pamba na alkoholi, na hatutaki kujaribu kwa draivu ya kuazima. Mwenye kompyuta ya zamani iliyokufa, hapa Buja ama kambini, asiitupe. Draivu yake huenda bado inafanya kazi. Tuandikie inbox, tutakuja kuichukua wenyewe.