Shimanzi ya malori, Amu ya punda

Watoto wetu wa Shimanzi hawatishwi na lori la kontena. Wamekulia kati ya maghala na matangi ya mafuta, na ngurumo ya gari kubwa huitambua kabla halijapinda kona. Mnyama wa kupandwa ndiye mgeni kwao. Hilo tulilijua tulipovuka daraja la Nyali, tukafuata njia ya Malindi hadi Mokowe, kisha mashua ikatufikisha Amu.

Vichochoro vya mji ule havina nafasi ya gari; mchanga na mawe hubebwa kwa shogi za punda, na wakati wa Maulidi vijana hushindana mbio za punda. Kijana wetu alimrukia mmoja kwa kishindo. Punda akagoma, asisogee hata shubiri. Dada yake, mwenye hofu ya wazi, alisimama ubavuni, akamwacha mnyama amnuse kiganja, akamsugua shingo.

"Sasa panda, mwanangu," mwenye punda akamwambia. "Ashakujua."

Wakaenda taratibu hadi kituo cha kutibia punda, kilichoanzishwa 1987, wakarudi. (Wajomba walikuwa wameicheka hofu yake, nasi hatukupendezwa.) Tulikumbuka usiku wa taharuki Madina, Mtume, rehema na amani zimshukie, alipompanda farasi wa Abu Talha bila tandiko. Farasi yule alijulikana kwa uzito wa mwendo. Mtume aliporudi, alimsifu kwa wepesi.

Jioni kijana alirudi kwa punda yule peke yake, kiganja wazi.