Tafakuri Kando ya Mto Malagarasi

Tulitoka Tabora baada ya Sala ya Alfajiri, tukaifuata njia ya magharibi iliyokanyagwa na misafara ya karne ya 19 kuelekea Ujiji. Tulipofika ukingoni mwa Mto Malagarasi, karibu na vilima vya Uvinza, tulipiga kambi siku mbili kwa dhikri na tafakuri, tukikumbuka jinsi Mtume Muhammad (S.A.W.) alivyojitenga katika pango la Hira.

Maji yalipita taratibu yakielekea Ziwa Tanganyika, na miombo ilitulia. Hata hivyo, fikra zetu hazikutulia. Njia hii ilichangia kuufikisha Uislamu bara. Njia hiyo hiyo ilipitisha pembe za ndovu mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi, na mateka waliofungwa minyororo. Wengi wao hawakurudi makwao.

Ndugu msomaji, Mwenyezi Mungu ametuamrisha uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu. Basi wanetu wanapotuuliza habari za njia hii, tuwasimulie neema yake pamoja na dhuluma yake. Tafakuri inayochagua la kukumbuka haizidi mapumziko ya mwili.