Karatasi ya Ruzuku Ukutani

Nilipoanza kazi ya ualimu katika shule moja ya msingi ya pwani, katika miaka iliyofuatia Azimio la Musoma la mwaka 1974, ambapo taifa lilijifunga kuwapatia watoto wote elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977, hesabu za shule zilikuwa amana ya mwalimu mkuu na ofisi ya elimu ya wilaya peke yao, na mzazi aliyethubutu kuulizia fedha alihesabiwa kuwa mtu aliyepungukiwa na adabu. Matokeo nayo yalikuwa vivyo hivyo. Baada ya mtihani wa darasa la saba iliteremka orodha ya waliochaguliwa kwenda sekondari, majina machache mno kwa kuwa nafasi zenyewe zilikuwa haba, na mtoto ambaye jina lake halikuwamo alirudi kwao pasipo kujua alipata ngapi katika hisabati wala alikosea wapi. Sikumbuki mzazi hata mmoja aliyefunga safari kwenda wilayani kudai alama za mwanawe. Aghalabu walisema ndiyo kudura, wakamtafutia mtoto kazi.

Hali hiyo ilidumu muda mrefu, hata baada ya halmashauri za wilaya, zilizovunjwa mwaka 1972, kurejeshwa katika miaka ya 1980. Mabadiliko niliyoyaona kwa macho yangu yalikuja na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ule tuliouita MMEM, ulioanza mwaka 2002 baada ya ada kufutwa, ambao ulileta ruzuku ya uendeshaji na fedha za kujengea madarasa, na ukaipa kamati ya shule, yenye wazazi ndani yake, dhamana ya kupanga matumizi na kuyabandika hadharani. Ndipo ubao wetu wa matangazo, ambao hadi hapo ulikuwa wa ratiba ya vipindi na zamu za usafi, ulipoanza kubeba karatasi ya mapato na matumizi, yenye saini ya mwalimu mkuu na ya mwenyekiti wa kamati.

Katika mkutano mmoja wa wazazi wa miaka ile alisimama Bi Mkubwa mmoja, mkaanga samaki, aliyejua kusoma kwa fadhila ya kisomo cha watu wazima, akaweka kidole juu ya karatasi ile na kusema mbele ya kadamnasi: "Mwanangu mwalimu, hapa pameandikwa saruji mifuko 12 ya sakafu ya darasa la tatu, na mimi sakafu hiyo nimeikanyaga asubuhi hii, ni vumbi tupu toka mlangoni hadi dirisha la pili." Kwa desturi ya zamani mama yule angeambiwa akae. Mwalimu mkuu, Mungu amrehemu, alitoa ufunguo mfukoni akamjibu: "Bi Mkubwa, sita imetumika na sita imo stoo, fundi anangoja mchanga, twende ukaihesabu." Wakaenda, na sisi nyuma yao. Mifuko ilikuwamo sita kamili, ila miwili ilikwisha anza kuganda kwa unyevu wa bahari, na hilo lilipobainika wazazi hawakungoja barua ya mtu. Jumamosi iliyofuata mchanga ulifika shuleni kwa ndoo na kwa mikokoteni, na sakafu ikamalizika.

Karatasi ile ilikuwa na faida ya pili ambayo wakubwa hawakuipenda sana. Ruzuku iliyoahidiwa, shilingi 10,000 kwa kila mtoto kwa mwaka, ilipitia halmashauri, nayo mara nyingi ilitufikia imechelewa na imepungua. Na kwa kuwa kilichopokewa kiliandikwa bayana, wazazi waliacha kumshuku mwalimu mkuu wakaanza kumwuliza diwani. Kuanzia mwaka 2016, kwa utaratibu wa elimu bila malipo, fedha zilianza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya shule kila mwezi, jambo ambalo naliona kuwa ni katika matengenezo bora kabisa niliyoyashuhudia.

Walakini uwazi wa namna nyingine ulikwisha ingia, nao ndio uliowateka watu. Baraza la Mitihani lilikuwa likitangaza matokeo katika intaneti, na kila shule ikaonyeshwa wastani wake pamoja na nafasi yake kiwilaya, kimkoa na kitaifa. Mwezi Februari 2013, yalipotangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ambamo takriban asilimia 60 ya watahiniwa walipata daraja sifuri, nchi nzima ilitaharuki, Waziri Mkuu akaunda tume, na matokeo yakapitiwa upya. Nami nasema taharuki ile ilikuwa ya haki, maana katika zama zangu watoto wengi kama hao wangepotea kimya kimya. Lakini zile nafasi zilimwambia mzazi kwamba shule yetu ni ya mwisho, zisimwambie kwamba darasa la nne halikuwa na mwalimu wa Kiingereza tangu Januari. Nimewaona walimu hodari wakiomba uhamisho kwa fedheha ya tarakimu moja, ilhali hakuna mzazi aliyekuja kuuliza sababu yake. Baraza lilipoacha mwaka 2023 kutangaza shule zilizoongoza, wako waliolalamika kwamba wamefichwa jambo. Mimi sikulalamika.

Ninalolilalamikia ni ubao. Katika shule kadhaa ninazopita siku hizi karatasi ya ruzuku haipo, au ipo ya mwaka uliopita, na wazazi vijana, ambao matokeo huyasoma katika simu kabla mwalimu mkuu hajayaona, hawajui kwamba wana haki ya kuiulizia. Nimewaandikia wajumbe wa kamati ya shule ya mtaani kwetu nikiwaomba waibandike kila mwezi, kiasi kilichopokewa, kilichotumika na kilichobaki, na pembeni yake idadi ya walimu waliopo na masomo yasiyo na mwalimu.