Mfano wa Mtepe Darasani

Katika ziara zetu za kukagua mazoezi ya kufundisha huko Kharumwa, tumeona kwamba somo la biashara ya pwani huwashinda wanachuo wengi. Watoto wa huko hawajaiona bahari. Hata Ziwa Viktoria wengine wamelisikia tu. Mwalimu akitaja mtepe, darasa huitikia, huandika, kisha husahau.

Tuliuchagua mtepe kwa kuwa chombo chenyewe hakipo tena. Mitepe ya Lamu na visiwa vyake ilitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na mifano midogo iliyohifadhiwa katika majumba ya makumbusho ni miongoni mwa mashahidi wetu wakuu. Mmoja wa ukubwa kamili ulijengwa ukawekwa Beit al-Ajaib, Zanzibar. Sehemu ya jengo hilo iliporomoka mwaka 2020.

Tuchukulie mtepe wa meta 20. Kwa kipimio cha 1:40 mfano utakuwa na urefu wa sentimita 50, na mtu wa meta 1.6 atakuwa wa sentimita 4. Mtu huyo, kipande cha bua tu, asisahaulike: bila yeye watoto huona kichezeo. Mbao ni kadibodi. Tanga ni kipande cha mkeka, nalo liwe la mraba, si la pembe tatu kama la ngalawa. Gundi tumeikataza, kwani mbao za mtepe zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Sisi tunatumia katani, na shazia ile ile ya kushonea magunia.

Hapo ndipo lilipozuka swali gumu. Mwanafunzi wa darasa la sita aliuliza: Je, watu wa pwani hawakuwa na chuma? Ni swali la haki kwa mtoto wa nchi ambayo Warongo walifua majembe tangu zamani. Mwanachuo alikuwa tayari kujibu kwamba watu wa kale hawakujua misumari. Jibu hilo ni la kudhalilisha, tena si la kweli. Al-Idrisi alikitaja chuma cha pwani hiyo katika karne ya 12. Tulimshauri atengeneze mfano wa pili, huu wa gundi, watoto waisukume yote miwili juu ya jiwe. Wa gundi uliachia kwenye maungo; wa kushonwa ulijikunja, ukarudi. Chombo cha kupita penye miamba na kukalia mchanga maji yakupwapo kilihitaji kulegea hivyo.

Upungufu wake nao usifichwe: mtepe ulivuja, na mabaharia walifua maji safarini. Wetu pia ulivuja, ndani ya karai, hata kengele haijalia. Watoto walikwisha anza kuchomeka pamba katika matundu, wala hakuna aliyewaagiza.